Hadithi Njoo: Safari ya Kitabu Kinachojibu, Kutoka Mwambao wa Ufipa Hadi Kishikwambi

Wampembe iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika Wilaya ya Nkasi, chini ya mteremko mkali unaoshuka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa. Kwa miaka mingi njia yake kuu ilikuwa maji: mitumbwi, maboti na meli ya MV Liemba, iliyokuwa ikisimama mbali na ufuko huku abiria na mizigo wakifuatwa kwa mitumbwi. Barua, katekisimu, vitabu vya darasa la kwanza na magazeti, vyote vilitoka mbali na vilifika vikiwa vimechelewa.

Leo walimu na wazazi wanazungumzia hadithi zilizo ndani ya simu na kishikwambi: hadithi inayosomwa kwa sauti huku neno likiwaka rangi, inayomtamkia mtoto neno akiligusa, inayosubiri mtoto ajaribu ndipo iendelee. Watu wengi huziona kama kitu kipya kabisa. Ukizifuatilia kutoka mwambao huu, utaona kwamba ni sura ya karibuni katika habari ya zaidi ya miaka mia moja. Habari hiyo yote inazunguka swali moja: mtoto anapojaribu kusoma, nani anamjibu?

Kabla ya 1885: Hadithi na waitikiaji wake

Kabla ya herufi kufika, mwambao na uwanda vilikuwa na shule ya lugha iliyofunguliwa usiku. Pwani ya Bahari ya Hindi msimulizi alisema "Paukwa!" akajibiwa "Pakawa!", au "Hadithi, hadithi!" akajibiwa "Hadithi njoo!" Ufipa nako kulikuwa na simulizi zake, na mwanaanthropolojia Roy Willis alizisikiliza na kuziandika alipofanya utafiti huko miaka ya 1960. Kitabu chake juu ya sanaa ya simulizi za Wafipa kilitoka Oxford mwaka 1978, kwa wasomaji wa Kiingereza.

Katika ukumbi wa hadithi mtoto hakuwa msikilizaji tu. Aliitikia, aliimba kiitikio, alitegewa kitendawili akatakiwa ategue, na akikosea alipewa jibu papo hapo. Alijifunza kushika mfuatano wa matukio, kukisia kitakachofuata na kupata maana ya neno geni kutokana na maneno yaliyolizunguka. Walimu wa kusoma wa siku hizi hutafuta mambo hayohayo kwa mtoto kabla hawajamwonyesha herufi ya kwanza.

Maandishi yenyewe yalikuwapo kwa wachache. Wafanyabiashara Waswahili na Waarabu waliopita njia za msafara na kuweka makazi mwambaoni, hasa Kirando, walikuja na hati za Kiarabu. Katika chuo cha Kurani mtoto alisoma kwa sauti mbele ya mwalimu, na mwalimu alimsahihisha kabla hajavuka kwenda aya ya pili. Hadithi na chuo vilikuwa vitu tofauti, lakini vyote viwili havikumwacha mtoto peke yake na maneno.

1885–1914: Herufi zinafika kwa maji

Mwaka 1879 Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, iliyoanzishwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ilijenga kituo Karema, kaskazini mwa Wampembe. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kama Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868. Kutoka Karema wakaenea mwambaoni na kupanda uwandani. Askofu Adolphe Lechaptois aliongoza vikariati ya Tanganyika kuanzia 1891 hadi 1917. Pamoja nao alikuwapo Adrien Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea uganga Malta na kufika Karema, ambako alihudumu kama daktari na katekista hadi kifo chake mwaka 1956.

Aliyepeleka kusoma vijijini ni katekista. Sheria ya Lavigerie ilidai mafundisho marefu kabla ya ubatizo, kiasi cha miaka minne, na njia ya kufundisha ilikuwa swali na jibu. Darasa zima lilijibu kwa sauti moja. Kwa masikio ya Mfipa hilo halikuwa geni, kwa kuwa hadithi nayo ilikuwa na kiitikio. Lakini hapa jibu lilikuwa limeandikwa kabla mtoto hajafungua kinywa, na aliyelikariri vizuri aliweza kuonekana msomaji bila kuitambua herufi hata moja. Ugonjwa huo wa kukariri ulibaki katika madarasa yetu kwa vizazi.

Huko pwani mambo mawili yalikuwa yameshatokea ambayo yangeamua maisha ya mtoto wa mwambao wa ziwa. La kwanza ni kwamba mwaka 1870 Edward Steere wa misheni ya UMCA alichapisha mjini London hadithi za Waswahili alizozikusanya Unguja, zikiwa na tafsiri ya Kiingereza. Hadithi za usiku zikapata ukurasa, ila mlengwa wake mkuu alikuwa mgeni anayejifunza Kiswahili, si mtoto anayejifunza kusoma. La pili ni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga. Walihitaji makarani, wakalimani na maakida, na wakachagua Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini. Kutoka hapo aliyejua hati za Kiarabu pekee alihesabiwa hajui kusoma. Jina la Tanga tulishike, maana litarudi.

1914–1961: Tahajia moja, vitabu vichache

Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa ziwani, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Goetzen mwaka 1916. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Meli ilibadilishwa jina, na shule nazo zikapata mwenyewe mpya.

Mabadiliko makubwa yalikuwa ya lugha. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili, ikichukua Kiunguja kuwa msingi. Tahajia ikawa moja, kamusi zikatungwa, vitabu vya shule vikapitiwa. Mwaka 1948 ikaundwa Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki ili kuchochea uandishi na uchapishaji.

Uamuzi wa 1930 ulikuwa na faida na gharama. Faida yake ni kwamba Kiswahili kikawa lugha nyepesi kuisomea. Irabu ni tano, kila irabu ina sauti yake, na neno huandikwa takriban linavyotamkwa. Mtoto akishika *ba be bi bo bu* anaweza kusoma *baba* na *babu* siku hiyohiyo. Gharama yake iliwaangukia watoto kama wa Wampembe. Aliyelelewa katika Kifipa au Kilungu alifika darasani akakutana kwa pamoja na herufi, na lugha, na sauti kama *dh*, *th* na *gh* ambazo mama yake hakuwahi kumtamkia. Mtoto huyo alihitaji sikio la mtu mzima kuliko mwenzake wa Unguja, na yeye ndiye aliyekuwa na vitabu vichache zaidi na mwalimu mwenye wanafunzi wengi zaidi.

1967–1986: Taifa zima darasani

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 hesabu ilikuwa ya kutisha, na hadi 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada yake ikaja kampeni kubwa ya kisomo. Mama aliyetoka shambani na mvuvi aliyetoka ziwani walikaa dawati moja, mara nyingi wakifundishwa na mwanakijiji mwenzao aliyemaliza shule.

Jambo moja la miaka hiyo linastahili kukumbukwa na kila anayetengeneza programu za kusomea leo. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu takriban milioni 2 walijiunga katika vikundi vya vijijini. Kila kikundi kilikuwa na redio, kitabu na kiongozi. Walisikiliza kipindi, wakasoma sehemu yake kitabuni, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya, kama kuchimba choo au kufyeka nyasi zilizozunguka nyumba. Sauti ilitoka Dar es Salaam, maandishi yalikuwa mikononi, na jibu lilitoka kwa jirani. Vitu hivyo vitatu vilipokaa pamoja, watu walisoma wakaelewa.

Mwaka 1974 ulikuwa na mambo mengi kwa wakati mmoja. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa, operesheni ya kuhamia vijijini ilikuwa imepamba moto, na mwezi Novemba Azimio la Musoma likasogeza lengo la elimu ya msingi kwa wote kutoka 1989 hadi 1977. Mwaka huohuo serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mfumo wa hesabu za Hazina kuvurugika. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha watoto waliojazana madarasani kwa mamilioni kilisoma katika nchi iliyofungia mlango mashine hizo, na mlango huo ulifunguliwa kikamilifu miaka ya 1990.

Ili madarasa yapate walimu, vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa kazini na kupelekwa shuleni. Waliitwa walimu wa UPE, kifupisho cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, na wengi wao walibeba mzigo mzito kwa moyo. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa chini ya asilimia 10. Hakuna taifa jirani lililokuwa limetembea mwendo huo kwa kasi hiyo.

1986–2009: Kusoma bila cha kusoma

Ushindi huo haukuwa na chakula cha kuulisha. Uchumi uliporomoka, karatasi zikaadimika, na ukatili wa hali hiyo ulionekana vijijini: mtu aliyefundishwa kusoma akarudi nyumbani ambako hakukuwa na kitu cha kusoma. Ada za shule zikarudi, wazazi wengi wakashindwa, na watoto wakapungua madarasani.

Hapo ndipo kundi dogo la watu lilipojitwika kazi ya kitabu cha mtoto. Elieshi Lema na Demere Kitunga walianzisha kampuni ya uchapishaji ya E&D mwaka 1989. Walter Bgoya, aliyewahi kuongoza Tanzania Publishing House, alianzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991. Mwaka huohuo, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioongozwa kwa muda mrefu na Pilli Dumea. Mradi ulifundisha waandishi na wachoraji, kisha ukamhakikishia mchapishaji soko kwa kununua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka mashuleni. Kwa mara ya kwanza hadithi za Kiswahili zenye picha, zilizoandikwa na Watanzania kwa ajili ya watoto wa Kitanzania, zilitoka mfululizo.

Ada za shule ya msingi zilifutwa mwaka 2001, na mwaka 2002 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Madarasa yalijengwa na watoto wakarudi kwa wingi. Hata hivyo mwalimu mmoja mbele ya watoto themanini hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Darasa lilirudi kwenye njia ya katekista, yaani mwalimu anatamka na wote wanaitikia. Aliyejua na asiyejua walisikika sawa.

2010–2015: Kipimo kinachouma

Mwaka 2010 Uwezo, mradi uliokuwa chini ya shirika la Twaweza, ulianza kuwapima watoto majumbani kwao. Mtoto mmoja mmoja alipewa herufi, maneno, aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Matokeo yaliiamsha nchi. Kati ya watoto watatu wa darasa la tatu, takriban mmoja tu ndiye aliyeweza kusoma hadithi hiyo ya Kiswahili. Nguvu ya kipimo ilikuwa katika namna ya kupima: mtu alikaa na mtoto mmoja na kumsikiliza.

Serikali ilijibu. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipunguzwa mzigo, ukaelekezwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na ulianza kutumika mwaka 2015. Kusoma kulianza na sauti za herufi badala ya majina yake, kisha silabi, kisha neno, kisha hadithi. Januari 2016 elimu msingi bila malipo ilianza, na madarasa ya kwanza yakafurika tena.

Wakati huohuo teknolojia ilikuwa imekua kimyakimya. Marekani mwaka 1992 kampuni ya Brøderbund ilikuwa imetoa kwenye diski ya kompyuta hadithi ya Mercer Mayer juu ya mtoto na bibi yake ufukweni. Kompyuta iliisoma kwa sauti, neno lililosomwa lilijionyesha, na mtoto aliweza kubofya kitu chochote pichani kikacheza. Mwaka 2010 iPad iliingia sokoni, na kidole cha mtoto kikachukua nafasi ya kibofyo.

Watafiti nao walifuata nyuma na kipimo. Mwaka 2015 Zsofia Takacs, Elise Swart na Adriana Bus walikusanya tafiti nyingi juu ya vitabu hivyo na kuzilinganisha. Walichokiona kinapaswa kubandikwa ukutani mwa kila mtengenezaji. Sauti, muziki na picha zinazokwenda sambamba na hadithi humsaidia mtoto kuelewa na kupata maneno mapya. Michezo na vitu vya kubofya visivyohusiana na hadithi humtoa ndani ya hadithi. Kugusa kwenyewe hakufundishi, kwa kuwa mguso unafaa pale tu unapojibu kile mtoto anachokisoma.

Afrika nayo haikukaa ikisubiri. Mwaka 2014 taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ilizindua African Storybook, maktaba huru ya hadithi za picha ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma, kuzitafsiri, kuzirekebisha na kuongeza zake, Kiswahili kikiwamo. Mwaka huohuo Ubongo Kids ilianza kurushwa katika televisheni ya TBC1. Ilitengenezwa Dar es Salaam, na mtoto aliyeitazama aliweza kujibu maswali kwa ujumbe wa simu ya kawaida na kupata jibu. Mwaka 2016 ikaja Akili and Me kwa wadogo zaidi, yenye msichana wa miaka minne aishiye chini ya Mlima Kilimanjaro, na ndani yake herufi na sauti zake huimbwa kwa Kiswahili. Simu ya tochi ikawa kiitikio cha hadithi.

2014–2019: Tanga tena

Septemba 2014 shirika la XPRIZE la Marekani lilitangaza shindano la dola milioni 15 lililofadhiliwa na Elon Musk. Masharti yalikuwa ya kuthubutu: tengeneza programu ambayo mtoto asiye na shule wala mwalimu ataitumia kujifundisha mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu ndani ya miezi 15. Karibu timu 200 kutoka nchi 40 zilijiandikisha. Mwaka 2017 zilibaki tano: CCI ya New York, Chimple ya Bangalore, Kitkit School ya kampuni ya Enuma, onebillion ya London, na RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh. Kila moja ilipata dola milioni 1 ya kukamilisha kazi.

Mahali pa kujaribia palichaguliwa Tanzania, na mkoa ukawa Tanga, palepale ambapo herufi za Kilatini zilipata shule yao ya kwanza ya serikali zaidi ya karne moja nyuma. Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walishirikiana. Google ilitoa vishikwambi, na vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua vilijengwa vijijini. Walioshiriki walikuwa karibu watoto 3,000 katika vijiji 170, wenye umri kati ya miaka 7 na 11. Asilimia 74 ya watoto hao ilielezwa hawakuwahi kwenda shule. Asilimia 80 hawakuwahi kusomewa chochote nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili.

Kilichokuwa ndani ya kioo kilitofautiana. Onebillion ilimchukua mtoto kwa mkono, somo baada ya somo, kwa sauti ya Kiswahili na kwa mwendo wake mwenyewe. Kitkit School iliweka michezo ya kujifunzia pamoja na maktaba ya vitabu na zana za kuchora na kuchezea. RoboTutor ilitumia hadithi kutoka African Storybook, na ilisikiliza: mtoto alisoma kwa sauti, mashine ikafuatilia neno kwa neno. Katika zote mtoto aliunganisha silabi kwa kidole, akasikia neno, akakosea, akajaribu tena bila ya darasa kumcheka. Na hapa uamuzi wa 1930 ulilipa deni lake. Kwa sababu Kiswahili kilikuwa na tahajia moja, programu iliyotengenezwa kwa mtoto wa Handeni au Lushoto ingesomeka vilevile na mtoto wa mwambao wa Tanganyika.

Jaribio lilianza mwishoni mwa 2017 na kuisha Machi 2019. Tarehe 15 Mei 2019, mjini Los Angeles, Kitkit School na onebillion walitangazwa washindi kwa pamoja wakagawana dola milioni 10. Matokeo yalisema hivi: watoto wasioweza kusoma hata neno moja walikuwa wamepungua kwa nusu.

Takwimu hiyo ina pande mbili, na mtu mkweli atazishika zote. Nusu ya watoto ambao nchi ilikuwa imewapoteza walivuka mto bila mwalimu, kwa sababu kitu fulani kiliwajibu kila walipojaribu. Hilo ni jambo kubwa, na atakayelidharau hajamwona mtoto wa miaka tisa akisoma jina lake kwa mara ya kwanza. Lakini nusu nyingine walibaki ng'ambo. Mashine ilijibu sauti zao, ila haikujua kwamba mmoja hajala tangu jana, mwingine haoni vizuri, wa tatu analinda ndege shambani. Kuyajua hayo ni kazi ya mtu.

2020 hadi sasa: Kioo mkononi mwa mwalimu

Programu zote tano ziliachwa huru ili yeyote azichukue bila kulipa. Malawi, ambako onebillion ilikuwa imefanya kazi miaka mingi kabla, ilianza mwaka 2022 kupanua matumizi yake katika shule za serikali. Huko vishikwambi vinatumika ndani ya ratiba ya shule, chini ya usimamizi wa walimu. Wazo la mtoto peke yake na kioo likatulia, likawa mtoto, kioo na mtu mzima.

Hapa nyumbani, Machi 2020, shule zilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19 na zikafunguliwa zote mwishoni mwa Juni. Katika miezi hiyo redio na televisheni zilifundisha, na maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ikawa kimbilio la wenye simu na bando. Tofauti kati ya mtoto wa Dar es Salaam na mtoto wa Nkasi ilionekana bila kuhitaji mtafiti.

Kisha lilitokea jambo ambalo halikupangwa kwa ajili ya hadithi. Tarehe 23 Agosti 2022 Tanzania ilihesabu watu kwa vishikwambi. Rukwa ilikutwa na watu zaidi ya milioni 1.5. Sensa ilipokwisha, vifaa hivyo havikuachwa ghalani. Mwishoni mwa mwaka serikali ilianza kuvigawa kwa walimu wa shule za umma nchi nzima. Karatasi iliyokuwa ikisubiri meli sasa ina mwenzake anayebeba maktaba nzima mfukoni. Hadithi ikishapakuliwa mara moja katika miji ya Namanyere au Sumbawanga, penye mtandao mzuri, inaweza kushuka mteremko hadi ziwani na kusomwa bila intaneti.

Ni kwa ajili hiyo namwona mwalimu wa darasa la kwanza kuwa mtu muhimu kuliko programu yoyote. Kishikwambi kimoja hakiwezi kugawanywa kwa watoto themanini, lakini kinaweza kusimama mbele ya duara la watoto kumi. Neno linawaka, watoto wanalitamka, mwalimu anauliza, "Unadhani sungura atafanya nini sasa?" na anasubiri. Mtoto mmoja anakuja mbele, anagusa, anasoma, wenzake wanamsikiliza. Ni kikundi cha Mtu ni Afya cha 1973 kilichopata picha, na ni ukumbi wa usiku uliopata herufi.

Kazi moja bado imelala. Hadithi nyingi zinazopatikana katika maktaba hizi zilizaliwa kwingine. Simulizi za Ufipa zilizoandikwa miaka ya 1960 zimo katika kitabu cha Kiingereza cha Oxford, na wazee waliozijua wanaondoka. Zana za kuzirudisha zipo. African Storybook inamruhusu mwalimu wa kijijini kuandika hadithi yake, kuweka picha na kuitoa kwa wengine bila kuomba ruhusa ya mtu. Hadithi ya samaki kama migebuka na kuhe, ya karabai zinazowaka ziwani usiku, ya meli inayopiga honi na mitumbwi kukimbilia abiria, ikiandikwa kwa Kiswahili chepesi na kwa Kifipa pembeni yake, ingempa mtoto wa Wampembe kitu ambacho katekista, kampeni ya kisomo na shindano la Tanga havikuwahi kumpa: kitabu ambacho maneno yake ya kwanza anayajua kabla hajayasoma.

Basi ombi langu kwa wazazi na walimu wa mwambao ni hili. Usiku wa leo, kabla simu haijawekwa kwenye chaji, ifungue kwenye hadithi, mweke mtoto ubavuni na usome naye ukurasa mmoja. Akikosea neno, mtamkie. Akiuliza, mjibu.